Mwongozo wa kuandika makala ya jarida la tiba ya jumla na kuiwasilisha kwa mhariri

Mwaka 1961 Kerr White, daktari na mtafiti wa huduma za afya, na wenzake walikadiria kwamba, kati ya watu wazima 1,000, takriban 750 hupatwa na maradhi au jeraha katika muda wa mwezi mmoja, 250 humwendea daktari, 9 hulazwa hospitalini, na mmoja tu hupelekwa hospitali ya chuo kikuu. Utafiti mwingi wa tiba umekuwa ukifanyika kule aliko huyo mmoja. Jarida la tiba ya jumla lipo kwa ajili ya wale 250, na mwandishi anayelisahau hilo huweza kuandika makala nzuri kabisa ambayo mhariri atairudisha siku hiyohiyo kwa sababu imebisha hodi kwenye mlango usio wake.

Mwongozo huu umekusudiwa daktari, tabibu au muuguzi wa huduma ya msingi ambaye ana jambo la kusema lakini hajawahi kulichapisha. Ili maelezo yasielee hewani, nitautumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kliniki inayotaka kujua ni wagonjwa wangapi, kati ya waliogunduliwa kuwa na shinikizo la juu la damu, ambao bado wanameza dawa baada ya miezi 12, na wale walioacha wanatoa sababu gani.

Hatua ya kwanza: swali na msomaji wake

Andika swali lako kwa sentensi moja kabla ya kuandika kitu kingine chochote. Kisha andika sentensi ya pili inayosema daktari atakayesoma makala yako atafanya nini tofauti atakapokuwa na mgonjwa mbele yake. Sentensi ya pili ikikushinda, makala bado haijaiva, na hakuna ufundi wa lugha utakaoificha kasoro hiyo. «Tulichunguza hali ya shinikizo la damu katika kliniki yetu» ni mada tu. «Wagonjwa wetu huacha dawa lini, na je, huacha kwa sababu ambazo daktari angeweza kuzijua mapema kama angeuliza?» ni swali.

Jambo linalowaponza wengi ni kudhani kwamba ujuzi wa hospitalini huhamia kwenye tiba ya jumla bila kubadilika. Chukua kipimo kinachowatambua wagonjwa 90 kati ya kila wagonjwa 100 wa kweli, na kinachowaondolea shaka watu 90 kati ya kila 100 wasio na ugonjwa. Katika wodi ambako watu 300 kati ya 1,000 wana ugonjwa huo, kipimo kitaonyesha majibu chanya 340, na 270 kati yake yatakuwa ya kweli, yaani karibu asilimia 79. Kipeleke kipimo hichohicho kwenye kliniki ya jumla ambako wenye ugonjwa ni 10 tu kati ya 1,000: majibu chanya yatakuwa 108, na ya kweli ni 9, takriban asilimia 8. Kipimo hakikubadilika, waliopimwa ndio waliobadilika. Kwa sababu hiyo wahariri wa fani hii huuliza kwanza wagonjwa wako walitoka wapi, na ndipo wauliza ulichokipata. Ukiweza kujibu swali hilo katika aya ya kwanza, umevuka kizingiti ambacho huwakwamisha waandishi wengi.

Hatua ya pili: aina ya makala

Si kila jambo linahitaji utafiti kamili. Majarida mengi hupokea utafiti wa asili, mapitio ya maandiko, taarifa ya uboreshaji wa huduma, taarifa ya mgonjwa mmoja, makala ya maoni, na barua kwa mhariri. Barua hudharauliwa bila haki. Kwa anayeanza, barua ya maneno mia chache inayojibu makala iliyotoka karibuni, ikiwa na hoja moja na ushahidi wake, hufunza nidhamu yote ya uandishi kwa gharama ndogo.

Ukishajua aina, tafuta orodha ya vipengele inayoihusu, yaani orodha ya mambo ambayo makala ya aina hiyo hupaswa kuyaeleza. Majaribio ya nasibu yana CONSORT. Tafiti za uchunguzi, kama mfano wetu wa shinikizo la damu, zina STROBE yenye vipengele 22. Mapitio ya kimfumo yana PRISMA yenye vipengele 27. Mahojiano na mijadala ya vikundi yana COREQ yenye vipengele 32. Taarifa za wagonjwa zina CARE. Uboreshaji wa huduma una SQUIRE. Zote zimekusanywa na EQUATOR, mtandao wa kimataifa unaohimiza uandishi bora wa taarifa za utafiti wa afya, na hupatikana bila malipo. Zisome kabla ya kukusanya takwimu. Anayezifungua usiku wa kuwasilisha hugundua kwamba hakuhesabu wagonjwa waliokataa kushiriki, na wakati huo hawezi tena kuwahesabu.

Hatua ya tatu: jarida

Lichague jarida kabla hujaandika, kwa kuwa urefu, mpangilio na hata sauti ya makala hufuata jarida. Soma matoleo matatu au manne ya karibuni na ujiulize kama swali lako lingekaa kwa amani katikati ya makala zilizomo. Kisha soma maelekezo kwa waandishi, neno kwa neno: idadi ya maneno, muundo wa ikisiri (muhtasari wa mwanzo wa makala), idadi ya majedwali inayoruhusiwa, mtindo wa marejeo, na ada ya uchapishaji kama ipo. Majarida ya ufikiaji huria mara nyingi humtoza mwandishi ada makala ikikubaliwa. Mengi hutoa punguzo au msamaha kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, lakini msamaha huo kwa kawaida huombwa mwanzoni, wala si baada ya ankara kufika.

Jihadhari na majarida bandia. Dalili zake zinajulikana: barua pepe ya sifa tele kutoka kwa mhariri usiyemjua, ahadi ya kuchapisha ndani ya siku chache, bodi ya uhariri isiyo na majina yanayoweza kuthibitishwa, na ada inayotajwa baada ya kukubaliwa. Makala ikishatoka huko, jarida halali halitaipokea tena kwa sababu imekwisha kuchapishwa, na kazi ya miaka miwili inakuwa imezikwa.

Hatua ya nne: maadili kabla ya takwimu

Kibali cha kamati ya maadili ya utafiti huombwa kabla ya kuanza, na kwa kawaida kamati haitoi kibali cha kurudi nyuma kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Hata pale unapotumia kumbukumbu zilizomo tayari kwenye mafaili ya kliniki, uamuzi kwamba kibali hakihitajiki ni wa kamati, si wako. Kwa majaribio ya tiba, majarida yanayofuata Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba, inayojulikana kwa herufi ICMJE, yamekuwa yakidai tangu mwaka 2005 kwamba jaribio lisajiliwe hadharani kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa.

Faragha ya mgonjwa ni ngumu zaidi kwetu kuliko hospitalini. Daktari wa jumla huhudumia watu wanaofahamiana; umri, kazi na tarehe ya ugonjwa vinatosha kwa jirani kumtambua mhusika hata jina likiondolewa. Kwa hiyo, kwa taarifa ya mgonjwa mmoja, pata ridhaa ya maandishi baada ya kumpa asome mswada wenyewe, na usibadilishe umri au jinsia ili kumficha, kwa sababu hapo unakuwa umeingiza uongo katika rekodi ya kisayansi. Ondoa kisichohitajika, usibuni.

Hatua ya tano: majina ya waandishi

Kaeni mkubaliane mapema, na muandike mlichokubaliana. Kwa mujibu wa ICMJE mwandishi ni yule aliyetimiza masharti yote manne: ametoa mchango mkubwa katika kubuni kazi au katika kupata, kuchambua au kufasiri takwimu, ameandika mswada au kuuhariri kwa kina cha kifikra, ameidhinisha toleo la mwisho, na amekubali kuwajibika kwa kazi nzima. Mkuu wa idara aliyetoa chumba na baraka hushukuriwa katika sehemu ya shukrani. Najua sentensi hiyo ni rahisi kuiandika na ngumu kuitamka mbele ya mkuu mwenyewe. Njia ya adabu ni kumwonyesha masharti hayo mwanzoni na kumwalika ashiriki kwa kweli. Programu za akili unde haziwezi kuwa mwandishi kwa kuwa haziwezi kuwajibika, na matumizi yake hutajwa wazi pale jarida linapoelekeza.

Hatua ya sita: kuandika

Makala ya utafiti husomwa kwa mpangilio wa utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, lakini hailazimiki kuandikwa hivyo. Mimi huanza na majedwali. Jedwali la kwanza linaeleza waliochunguzwa ni nani. La pili linajibu swali. Majedwali haya mawili yakiwa tayari, makala imepata uti wa mgongo, na kila aya inayofuata ina kitu cha kushikilia.

Baada ya hapo andika mbinu, ukiwa bado unakumbuka ulichofanya. Kipimo cha mbinu nzuri ni kwamba daktari mwingine, katika kliniki nyingine, aweze kurudia kazi yako bila kukupigia simu. Eleza wagonjwa walivyopatikana, nani waliachwa na kwa nini, nini kilipimwa, kwa kifaa gani, na uchambuzi ulifanywaje. Hapa ndipo penye mtego mkubwa wa tiba ya jumla, nao ni hesabu ya chini: asilimia yako ni ya nani? Katika mfano wetu, ukihesabu wagonjwa waliohudhuria kliniki mwezi huu na kuwauliza kama wanameza dawa, utapata jibu la kupendeza sana, kwa kuwa waliokwisha kuacha dawa wameacha pia kuja. Hesabu sahihi huanzia kwenye daftari la waliogunduliwa mwaka uliopita, kisha huwatafuta wote, pamoja na waliohama, waliofariki na wasiopatikana, na kuwataja wote hao kwa idadi. Nimewahi kuhakiki mswada uliokuwa umeandikwa kwa Kiswahili fasaha na takwimu za kuvutia ambao ulianguka kwa kosa hili moja, na hapakuwa na namna ya kuunusuru.

Matokeo huandikwa bila maelezo ya sababu. Toa idadi halisi kabla ya asilimia, na utoe kadirio pamoja na mipaka yake ya uhakika, yaani kiwango cha chini na cha juu ambacho huenda jibu la kweli limo kati yake. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, kwamba «wagonjwa 212 kati ya 260 walikuwa bado wanameza dawa baada ya miezi 12 (asilimia 82, mipaka ya uhakika ya asilimia 95: 77 hadi 86)». Sentensi hiyo inamwambia msomaji mengi kuliko «wagonjwa wengi waliendelea na dawa» au «tofauti ilikuwa na maana kitakwimu». Usirudie kwa maneno kila tarakimu iliyomo kwenye jedwali. Mwonyeshe msomaji mahali pa kutazama. Kama ulifanya mahojiano, nukuu za wagonjwa ziwe chache na ziwe zimebeba hoja, kila moja ikiwa na alama ya mshiriki badala ya jina.

Mjadala huanza na jibu la swali, kwa sentensi mbili au tatu, bila tarakimu mpya. Kisha linganisha na tafiti zilizotangulia, zikiwemo zinazokupinga, na ueleze udhaifu wa kazi yako kabla wahakiki, yaani wataalamu wanaousoma mswada kwa niaba ya mhariri, hawajakueleza wao. Udhaifu unaofaa kutajwa ni ule unaoweza kugeuza jibu, na unapaswa kutajwa pamoja na mwelekeo wake: kama wagonjwa 31, mbali na wale 260, hawakupatikana na huenda wengi wao waliacha dawa, basi asilimia 82 ni kadirio la juu, na uliseme hilo. Kuandika tu kwamba «sampuli ilikuwa ndogo» hakumsaidii mtu. Sentensi ya kufunga inayodai kwamba utafiti zaidi unahitajika inaweza kuachwa, isipokuwa unaweza kusema utafiti gani, kwa nani, na kwa swali lipi.

Utangulizi sasa ni rahisi. Aya tatu zinatosha: nini kinajulikana, nini hakijulikani, na wewe ulikusudia kujua nini. Usianze na ukubwa wa tatizo duniani. Msomaji wa jarida hili anaujua, kwani amewaona wagonjwa kumi wa namna hiyo leo asubuhi. Ikisiri, ambayo mara nyingi huwa na maneno yasiyozidi 250 yaliyogawanywa kwa vichwa vidogo, iandikwe mwisho kabisa na ilinganishwe na mswada tarakimu kwa tarakimu. Wasomaji wengi hawatavuka ikisiri, na makosa ya tarakimu kati yake na majedwali ni ya kawaida kuliko tunavyopenda kukiri. Baadhi ya majarida ya tiba ya jumla huomba pia kisanduku kifupi kinachoeleza makala inaongeza nini kwa daktari aliye kazini. Ile sentensi ya pili ya hatua ya kwanza ndiyo inayoingia humo. Kichwa cha makala kitaje waliochunguzwa, jambo lililochunguzwa na aina ya utafiti.

Marejeo yafuate mtindo wa jarida, ambao kwa majarida ya tiba mara nyingi ni ule wa Vancouver wenye nambari zinazofuata mfuatano wa kutajwa. Tumia programu ya kupanga marejeo tangu siku ya kwanza, na usitaje makala ambayo hukuisoma.

Hatua ya saba: kuwasilisha

Uwasilishaji hufanyika kwa njia ya mfumo wa mtandaoni wa jarida, nao huchukua muda mrefu kuliko unavyotarajia. Tenga nusu siku. Utahitaji ukurasa wa kichwa wenye majina na taasisi za waandishi wote, mswada usio na majina kama uhakiki wa jarida ni wa kufichana pande zote mbili (mwandishi na mhakiki hawajuani), majedwali na vielelezo, orodha ya vipengele iliyojazwa nambari za kurasa, nambari ya kibali cha maadili, tamko la ufadhili, na tamko la mgongano wa maslahi la kila mwandishi. Majarida mengi hudai pia nambari ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti, yenye tarakimu 16, ambayo hupatikana bure. Ukitakiwa kupendekeza wahakiki, usiwataje marafiki wala watu mliochapisha nao karibuni.

Barua kwa mhariri isizidi ukurasa mmoja. Iseme swali, jibu, na kwa nini wasomaji wa jarida hili hasa watalihitaji. Ithibitishe kwamba mswada haujachapishwa wala hauzingatiwi na jarida jingine, na itaje kama toleo la awali lisilohakikiwa limewekwa hadharani mahali popote. Mswada huwasilishwa kwa jarida moja tu kwa wakati mmoja. Hilo huudhi, hasa jibu likichelewa, lakini anayekiuka kanuni hiyo hugundulika, maana wahakiki wa fani moja si wengi na mswada uleule huweza kumfikia mtu yuleyule kutoka pande mbili.

Hatua ya nane: majibu ya wahakiki

Kukataliwa ndani ya siku chache bila uhakiki kwa kawaida huhusu kufaa kwa jarida, si ubora wa kazi. Rekebisha muundo na upeleke kwingine. Kukataliwa baada ya uhakiki ni zawadi yenye miiba: umesomwa kwa makini na watu wasiolipwa, na huenda mmoja wao akaupata tena mswada wako katika jarida lijalo. Usiupeleke kwingine bila kurekebisha waliyoyaona.

Ukiombwa marekebisho, soma maoni, kisha uyaache kwa siku mbili. Baada ya hapo nakili kila hoja katika waraka mmoja, ipe nambari, na chini ya kila moja andika jibu lako pamoja na ukurasa na mstari uliobadilishwa. Mhakiki akisema hakuelewa, usimjibu kwamba jambo lilikwisha kuelezwa. Kama yeye mwenye utaalamu hakuelewa, tatizo liko kwenye sentensi yako. Una haki ya kukataa pendekezo, nawe ufanye hivyo kwa heshima na kwa ushahidi. Tuseme mhakiki anataka ulinganishe wanaotumia dawa moja na wanaotumia dawa tatu, ilhali kikundi cha pili kina wagonjwa 14 tu. Jibu linalofaa ni hili: «Tunamshukuru mhakiki kwa pendekezo hili. Kikundi hicho kina wagonjwa 14, idadi isiyotosha kutoa kadirio la kutegemewa. Kwa hiyo hatukufanya ulinganisho huo, ila tumeongeza idadi hizo katika jedwali la 2 na kutaja kizuizi hiki katika ukurasa wa 9.» Wahakiki wawili wakipingana, mwandikie mhariri na umwombe mwelekeo, kwani uamuzi ni wake.

Hatua ya tisa: nakala ya kusahihisha

Makala ikikubaliwa, jarida hukutumia nakala iliyopangwa kwa ajili ya kusahihishwa, mara nyingi kwa muda wa siku mbili au tatu tu. Huu si wakati wa kuboresha mtindo. Kagua majina ya waandishi, vichwa vya majedwali, kila alama ya desimali, na kila dozi ya dawa pamoja na kizio chake, hasa pale ambapo mikrogramu na miligramu zinakaribiana katika ukurasa mmoja. Mpe mwenzako asome tarakimu kwa sauti huku wewe ukifuatisha kwenye faili lako la takwimu, kwa sababu jicho la mwandishi husoma alichokusudia, na katika dozi ya dawa anayeumia kwa kosa hilo ni mgonjwa wa daktari mwingine.